Mama ameacha vidonge vya presha, anasema Mungu anaijua siku yake. Nimjibu nini?

Mgosi_Chumbageni:
Wakuu, shikamooni. Mama yangu ana miaka 67, naishi naye hapa Tanga. Wiki ya tatu hii hagusi vidonge vya presha, na jana kipimo kimesoma 180 kwa 110. Ukimgusia anakutolea Zaburi 139, kwamba siku zake ziliandikwa kabla haijawa hata moja. "Mungu anaijua siku yangu. Kidonge hakiisogezi."

Mimi ni mwanakwaya tu. Nikisema Mungu hajui, nimekufuru. Nikisema anajua, mama kashinda. Naomba hoja, matusi hapana.

Mzee_wa_Raskazone:
Marahaba. Usibishie kujua kwa Mungu, bishia hiyo "kwa hiyo" ya mama. Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa Roma, akiwa kifungoni akingoja kuuawa, karibu mwaka 524, alitoa mfano huu: unamwona mtu anatembea, na papo hapo unaona jua linachomoza. Umeviona vyote viwili, ila jua halina hiari, mtu anayo. Macho yako hayakumsukuma. Kwa Mungu hakuna jana wala kesho, yote yako mbele yake kwa pamoja. Mimi nikikaa ufukweni nikaona jahazi linaingia, si mimi upepo.

Mbishi_Kwaminchi:
Mzee, jahazi unaliona likiwa tayari linakuja. Petro aliambiwa kabla: jogoo hajawika, utanikana mara tatu. Neno limeshatoka. Angeweza asikane?

Molina, padri Mjesuiti wa Hispania, alijaribu kulijibu hilo mwaka 1588: Mungu anajua hata ambacho kila mtu angekichagua kwa hiari akiwekwa katika hali fulani. Someni 1 Samweli 23. Daudi anauliza kama watu wa Keila watamtoa kwa Sauli, anajibiwa watakutoa. Akaondoka, hawakumtoa. Sawa, lakini hiyo "angechagua" ilikuwa kweli kwa sababu gani, na mtu mwenyewe hajaumbwa? Hapo ndipo ninapokwama.

Nesi_Mstaafu:
Jamani, presha 180 nyie mko Hispania!

Mwanangu, kaa na mama msome Matendo 27. Malaika ameshamwambia Paulo hakuna atakayekufa, na melini wamo watu 276. Mabaharia wakataka kutoroka na mashua. Paulo akasema hawa wasipobaki, hamtaokoka. Askari wakakata kamba. Ahadi ipo, na kamba ikakatwa. Mfalme Hezekia naye aliongezewa miaka 15 ya kuishi, na bado Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu.

Ngamiani_Kati:
Mimi Muislamu, napita tu. Kwetu kadari ni nguzo ya imani, na bado tunaambiwa funga ngamia kwanza ndipo utawakali. Ila bibi yangu alikuwa na maneno hayo hayo ya mama yako. Kumbe vidonge vilikuwa vinamkojoza usiku, anaona haya kusema. Muulize mama kidonge kinamfanya nini.

Mgosi_Chumbageni:
Mrejesho. Matendo 27 tumesoma yote, akasikiliza, akasema Paulo alikuwa mtu wa maneno mengi. Nilipouliza habari ya kukojoa akanyamaza, kisha: "Nani kakwambia?" Mara nne kwa usiku, na choo chetu kiko uani. Kesho tunarudi kliniki waangalie kama kuna kingine, au ameze asubuhi. Ngamiani, nakudai chai.

Mbishi, mama anakuuliza: kama Petro hakuwa na hiari, alilia nini?