Tupeane uzoefu: ruzuku za serikali za kutafuta masoko ya nje

Ndugu wajasiriamali, naomba tupeane uzoefu juu ya ruzuku ambazo serikali huzitoa ili biashara ndogo zifike masoko ya nje. Nyingi kati ya hizo ni marejesho: mfanyabiashara hulipa kwanza, huwasilisha stakabadhi, kisha hurudishiwa sehemu ya gharama zilizokubaliwa. Mpango wa Kanada uitwao CanExport, kwa mfano, hurejesha hadi nusu. Australia, ambayo mpango wake ulianza mwaka 1974, kwa muda mrefu ilirejesha fedha baada ya matumizi, hadi mageuzi ya 2021 yalipotaka makubaliano yatangulie. Kwangu mimi, huko kulipa kwanza ndiko kwenye uzito, kwa sababu mwenye mtaji mdogo ndiye anayekusudiwa na ndiye asiye na fedha za kutanguliza. Wenzangu mlizipata wapi, na ruzuku iliwafanyia kazi gani?

Mtengenezaji wa sabuni:
Benki niliyoiendea haikuipokea barua ya ruzuku kama dhamana, kwa kuwa malipo yalitegemea ukaguzi wa stakabadhi ambao haujafanyika. Niliafikiana na mnunuzi wangu mkubwa wa ndani anilipe mapema kwa punguzo, na fedha hizo ndizo zilizogharimia maonesho ya biashara. Sikurudi na oda yoyote, lakini nilirudi na maarifa ambayo nisingeyapata nikiwa nimekaa kiwandani. Umoja wa Ulaya huihesabu sabuni ya kuogea kuwa kipodozi, kwa hiyo hutaka taarifa ya usalama iliyoandaliwa na mtaalamu, orodha ya viambato kwenye kifungashio, na mtu au kampuni iliyomo ndani ya Umoja huo inayowajibika kisheria kwa bidhaa. Awamu iliyofuata niliomba ruzuku kwa ajili ya taarifa ya usalama na vifungashio, wala si kwa kibanda kingine, na mnunuzi wa kwanza alikuja baada ya hapo.

Mshonaji wa mikoba ya ngozi:
Mimi niliitumia kusajili alama ya biashara katika nchi nilizotaka kuuza, kwani usajili wa nyumbani haulindi jina nje ya mipaka. Ilikuwa gharama ndogo, na marejesho yake hayakunisumbua.

Msindikaji wa asali:
Ndugu mtengenezaji wa sabuni ameeleza vizuri, ila katika asali kuna kizuizi ambacho ruzuku ya kampuni moja haiwezi kukiondoa. Umoja wa Ulaya hupokea asali kutoka nchi ambazo mpango wao wa kupima mabaki ya dawa umekubaliwa, na mpango huo huandaliwa na mamlaka za serikali. Nchi isipokuwamo katika orodha, mzalishaji anaweza kuwa na asali safi kabisa na bado mlango ukabaki umefungwa. Niliuliza jambo hilo kabla ya kujaza fomu, nikaelekeza maombi yangu kwenye soko jingine. Nasikitika kuona fedha za umma zikigharimia safari za wafanyabiashara huku maabara ya kupima mabaki hayo, ambayo ingewafungulia njia wote kwa pamoja, ikikosa bajeti.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana. Hoja ya maabara ina nguvu pia kwa upande wa sheria, kwa sababu mkataba wa ruzuku wa Shirika la Biashara Duniani, unaotumika tangu 1995, unakataza ruzuku inayotolewa kwa sharti la kuuza nje, ingawa nchi zenye maendeleo duni zaidi zimesamehewa katazo hilo. Maabara inayohudumia wazalishaji wote, wawe wanauza ndani au nje, haina sharti la namna hiyo. Bado sijapata jibu kuhusu muda: atakayefuata naomba aeleze marejesho yalichukua muda gani tangu stakabadhi zilipowasilishwa, na kama alilipwa kwa awamu.