Naomba ushauri: mashine moja ya viini vingi, klasta, au GPU?

Mkokotozi: Wakuu, habari za kazi. Programu yangu ya utafiti, ambayo hukokotoa mtiririko wa vimiminika kwenye gridi ya pande tatu, nimeigawa kwa OpenMP (njia ya kugawia kazi viini, yaani vitengo vya hesabu, vya mashine moja), nayo huongeza kasi vizuri hadi viini 16. Baada ya hapo haisogei, hata nikiipa viini vyote 64 vya mashine. Fedha zilizopo zinatosha kitu kimoja: mashine kubwa zaidi ambayo viini vyote hutumia kumbukumbu ya pamoja, klasta ya mashine ndogo zilizounganishwa kwa mtandao, au GPU (kichakataji cha michoro). Mngekuwa ninyi, mngechukua ipi?

Sambamba: Mkuu, usinunue kitu kabla ya kujua kinachokukwamisha. Wengi watakutajia kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967, kwamba ikiwa asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, kasi haitazidi mara 20 hata uwe na viini vingi kiasi gani. Ni kweli, lakini piga hesabu: kwa asilimia hiyo hiyo, viini 16 vingekupa takriban mara 9 na viini 64 takriban mara 15, kwa hiyo bado ungeona nafuu. Kwako nafuu haipo kabisa, ndiyo maana naishuku kumbukumbu: kila nukta ya gridi husoma majirani zake, hufanyiwa hesabu chache, kisha viini hukaa vikisubiri data.

Nodi_Saba: Naunga mkono. Je, safu zako za data hujazwa sufuri na kiini kimoja mwanzoni? Linux kwa kawaida huweka kila ukurasa wa kumbukumbu karibu na kiini kilichouandikia kwanza, hivyo kwenye mashine ya soketi mbili (yenye vichakataji viwili, kila kimoja na kumbukumbu ya upande wake) data yote huangukia upande mmoja, na viini vya upande wa pili huifuata mbali. Gawa kitanzi hicho cha kujaza sufuri (sehemu ya programu inayojirudia) kama ulivyogawa vingine, weka mpangilio wa OpenMP uitwao OMP_PROC_BIND ili kazi zisihamehame kutoka kiini hadi kiini, kisha upime upya. Hilo halina gharama.

Mkokotozi: Asanteni sana. Ndivyo kilivyo kitanzi hicho, na nitakigawa. Hata hivyo gridi ni ya GB 600 na itaendelea kukua, kwa hiyo suala la ununuzi bado lipo.

Sambamba: Basi GPU moja iondoe. Husoma kumbukumbu yake kwa kasi kubwa, ila gridi hiyo haiingii, na kuhamisha data kupitia PCIe, njia inayounganisha GPU na mashine, kila hatua kutakula faida yote. Ningechukua klasta, kwa kuwa kila nodi, yaani kila mashine ya klasta, huja na njia yake ya kumbukumbu.

Nodi_Saba: Klasta sawa, ila kuandika upya kwa MPI (njia ya programu kutumiana ujumbe kati ya mashine) si kazi ya wiki moja, Mkuu. Pia usikate vipande vidogo mno: kipande cha nukta 100 kila upande kina nukta 1,000,000, na nyuso zake sita takriban 60,000, yaani asilimia 6 ndizo za kutumwa kwa majirani, cha nukta 20 kila upande hufikia asilimia 30, na hapo mtandao ndio utakaoamua kasi. Kwa hiyo usimalizie fedha zote kwenye vichakataji. Mwombe muuzaji uendeshe programu yako mwenyewe kwenye nodi za aina hiyo kabla ya kusaini, kwa sababu takwimu za Linpack, kipimo cha kasi ya kompyuta, watakazokuonyesha hupima hesabu za matriki ambazo haziitesi kumbukumbu kama gridi yako.