Kubusti Instagram, kumlipa msanii au kubaki na status: kipi kinaleta wateja wa kweli?

MamaKeki_Tabata: Wakuu, habari zenu. Naoka keki za oda hapa nyumbani, Tabata. Wateja wangu wengi wanatoka status ya WhatsApp na kuambiana. Mwezi huu nimetenga 100,000 ya matangazo. Nibusti Instagram (yaani nilipie posti yangu ionwe na watu wengi zaidi), nimlipe dada mmoja msanii maarufu aniposti, au nichape vipeperushi? Naomba majibu ya wenye uzoefu, "inategemea" sitaki.

Mjumbe wa Sinza: Inategemea, dada, usinune 😄 Ukibusti unaulizwa lengo: watu watembelee ukurasa au wakutumie ujumbe. Wengi wanachagua la kwanza, halafu wanashangilia laiki za watu wa Bukoba ambao keki haiwafikii. Wewe chagua ujumbe, uelekeze WhatsApp, na eneo weka Tabata na kilomita chache kuizunguka, basi.

Viatu_Kkoo: Jiandae na "bei gani?" halafu kimya. Mimi niliandika bei kwenye picha yenyewe. Meseji zimepungua sana, ila anayekuja anakuja na hela.

Shangazi wa Vitenge: Msanii achana naye. Wafuasi wake wamefuata umbea, na stori yake inafutika baada ya saa 24. Labda mpishi au MC wa harusi mwenye wafuasi wachache wa Dar, huyo mpe keki badala ya pesa.

Mhasibu_Mstaafu: Tupige hesabu. Keki ya 50,000, tuseme faida yako ni 18,000. Tangazo la 30,000 pamoja na VAT ya 18% ni 35,400. Wateja wawili wanakupa 36,000, yaani umerudisha hela na nauli ya daladala. Faida inaanzia kwa wa tatu. Kwa hiyo usinihesabie waliolaiki wala waliouliza, hesabu waliolipa. Anayeuza maandazi hawezi kubusti kwa mahesabu haya hata akiomba dua.

MamaKeki_Tabata: Sasa nikizima tangazo, si ndiyo wamepotea?

Mhasibu_Mstaafu: Hapo ndipo status yako inapoingia. Mtu haoni status mpaka naye awe amehifadhi namba yako, kwa hiyo kila anayenunua mwombe ahifadhi. Wewe andika tarehe ya birthday ya mtoto. Mwakani humlipii tangazo tena. Ukiniuliza mimi, tangazo linakununulia mteja mara ya kwanza tu, na biashara ambayo mteja harudi itaumia.

Mwana_Kisauni: Huku Mombasa VAT ni 16%, kilio ni kilekile. Lakini mbona hakuna aliyetaja ramani za Google? Kusajili duka ni bure, na anayetafuta "keki karibu nami" tayari ana njaa. Waombe wateja wa zamani waandike maoni na picha.

Viatu_Kkoo: Kwa anayeokea nyumbani aangalie, asije akagongewa geti usiku. Unaweza kuficha anwani ukaonyesha eneo unalohudumia tu.

MamaKeki_Tabata: Basi vipeperushi nimefuta. Naanza na 30,000 kwa lengo la ujumbe. Nalipaje bila kadi ya benki?

Mjumbe wa Sinza: Tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye M-Pesa, uweke hela ya tangazo na VAT tu. Na lirushe Jumatatu, mama. Oda ya Jumamosi haiamuliwi Ijumaa.