Naomba ushauri: makala ya redio ya dakika 20 kuhusu Chris Hani

Kabwela_Dom: Wakuu, salaam. Naandaa makala ya redio kuhusu Chris Hani, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeuawa 10 Aprili 1993, iruke tarehe hiyohiyo. Kurasa 14 zimejaa na sijafika hata 1990. Nikate wapi? Na Kongwa, ile kambi ya wapigania uhuru huku Dodoma, niipe uzito gani?

Makabrasha: Mkuu, ukitoa muziki na sauti za kumbukumbu unabaki na kama dakika 14 za kusoma. Kwa mwendo wa maneno 110 kwa dakika, hayo ni maneno 1,500 hivi. Utoto umalize kwa aya moja: kazaliwa Sabalele, Transkei, 28 Juni 1942, jina Martin Thembisile, "Chris" kalichukua kwa nduguye, kasoma Fort Hare, Kilatini na Kiingereza. Basi.

Nafasi yako itumie 1967 hadi 1969. Agosti 1967 wapiganaji wa MK (jeshi la ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini) na wa ZAPU (chama cha ukombozi cha Rhodesia) walikuwa ng'ambo ya Zambezi, ndani ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakipita eneo la Wankie. Hani alikuwa komisaa, yaani msimamizi wa siasa kikosini. Chakula na risasi viliisha, kundi lake likaingia Botswana, likanyang'anywa silaha na kufungwa. Waliporudi Zambia hawakuona uongozi ukikaa kuchambua kilichoharibika. Ndipo yeye na wenzake sita wakaandika waraka mkali dhidi ya viongozi wa uhamishoni, Joe Modise na Duma Nokwe wakitajwa kwa majina. Waliadhibiwa, baadaye wakarudishwa. Mkutano wa ANC wa Morogoro, uliofunguliwa 25 Aprili 1969, hauelezeki bila waraka huo.

BintiMpwapwa: Kongwa isikuteke kwa kuwa ni jirani yako. Dakika 2 zinatosha, ila zifanye kazi. ANC walipata kambi pale 1964, kwenye eneo la ule mradi wa karanga wa Waingereza, na FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia wakiwa karibu. Eleza jinsi vijana waliofunzwa Muungano wa Kisovieti walivyokaa wakisubiri njia ya kurudi kwao. Msikilizaji akiishika subira hiyo, hasira ya waraka ataielewa mwenyewe.

Kabwela_Dom: Asanteni. Nianze na mauaji?

Makabrasha: Hapana. Kila kipindi huanza hapo, na mtu mzima wa miaka 50 anageuka maiti kabla hajasema neno.

Mchambuzi_Huru: Nabisha kidogo, mkuu. Kwa redio ya jioni, sekunde 30 za mauaji mwanzoni zinamshika msikilizaji, kisha unarudi nyuma. Hatari ni kuzifanya dakika 5.

Angalia vyeo, hapo ndipo wengi hukosea. 1987 Hani alikuwa mnadhimu mkuu wa MK. Kamanda alikuwa Modise, yuleyule wa kwenye waraka, na hilo lisikupite. Desemba 1991 akawa katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini akimrithi Joe Slovo, aliyehamia uenyekiti. Chama hicho kilipigwa marufuku 1950, kikaundwa upya kwa siri 1953, kikafunguliwa 2 Februari 1990. Usikichanganye na ANC, ingawa wanachama wengi walikuwa kotekote.

BintiMpwapwa: Na Mandela usimwite rais wa nchi kwenye hotuba yake ya televisheni baada ya mauaji. Rais alikuwa de Klerk; Mandela aliongoza ANC. Tumia kipande anachomtaja mwanamke Mwafrikana (mzungu, Kaburu) aliyetoa namba ya gari la muuaji. Tarehe ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, 27 Aprili 1994, ilipangwa baada ya kifo hicho.

Kabwela_Dom: Na wauaji?

Mchambuzi_Huru: Sentensi nne tu. Janusz Waluś alifyatua risasi Dawn Park, Boksburg. Clive Derby-Lewis alitoa bastola. Walihukumiwa kifo, ikageuzwa kifungo cha maisha. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini iliwanyima msamaha 1999. Mahojiano yao yako mtandaoni, yasome kabla hujagusa habari za njama. Derby-Lewis alifariki 2016, Waluś akarudishwa Poland Desemba 2024. Mtangazaji mwandikie matamshi pembeni: "Yanush Valush".