MREJESHO: Dawa za mama za presha na sukari zimepatikana kwa bima

Habari zenu wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu mama yangu wa Tukuyu, ana kadi ya NHIF (bima ya afya ya taifa) ila kila kliniki anaambiwa dawa hamna kanunue. Basi tulifuata ushauri wenu wa fomu 2C, ile ya bima ya kuchukulia dawa famasi ya nje zikikosekana kliniki, daktari akajaza, tukaenda nayo Mbeya mjini famasi yenye mkataba na bima, metfomini ya sukari na amlodipini ya presha zote kapewa bila kutoa hata mia, mama kashika ule mfuko kama haamini jamani. Ila ulizeni kwanza kama famasi inapokea bima, ya kwanza ilitukatalia. Sasa anaandika presha kwenye daftari kila asubuhi, juzi 135 kwa 85. Dada uliyesema tusitoke kliniki bila fomu, Mungu akubariki sana.