Kwa nini shina la nyonga bandia lisiwe na unyumbufu sawa na wa mfupa?

Mwanafunzi_Mitambo:
Habari za majukumu, wanajukwaa. Ninaandaa mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu shina la nyonga bandia, yaani ile sehemu inayozamishwa ndani ya mfupa wa paja. Mfupa mgumu wa nje una moduli ya unyumbufu (kipimo cha ugumu: ikiwa kubwa, kitu hakinyumbuki kirahisi) ya gigapaskali 15 hadi 20 hivi, ilhali aloi (mchanganyiko wa metali) ya titani inayotumika sana ina takriban 110, na ile ya kobalti na kromi inazidi 200. Chuma kigumu kinapobeba mzigo uliokuwa wa mfupa, mfupa hukonda, kwa kuwa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, kama alivyoeleza daktari Julius Wolff wa Ujerumani mwaka 1892. Je, haitoshi kutafuta malighafi yenye gigapaskali 15?

Fundi_Mwandamizi:
Ndugu, wazo hilo limekwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1970 Robert Mathys wa Uswisi alitengeneza shina la plastiki ya poliasetali lenye kiini cha chuma, kwa nia hiyo hiyo, na mengi ya mashina hayo yalilegea. Shina gumu huupeleka mzigo mpaka karibu na ncha yake. Shina laini hujipinda mapema na kuutua mzigo huo kwenye eneo fupi la juu, ambako nguvu zinazotaka kulitelezesha juu ya mfupa huwa kubwa mno. Shina lisilogandishwa kwa saruji ya mifupa hutegemea mfupa uote ndani ya vitundu vyake, na likichezacheza kwa zaidi ya mikromita 150 hivi, kinachoota ni tishu ya nyuzinyuzi badala ya mfupa. Mwaka 1992 Rik Huiskes na wenzake wa Uholanzi waliuonyesha mgongano huu kwa hesabu za kompyuta: ukipunguza ugumu unauokoa mfupa, lakini unauhatarisha mshikamano wa shina na mfupa.

Tena usiitazame malighafi peke yake. Ugumu wa shina la mviringo katika kupinda hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 12 hadi 15 tu hupanda karibu mara 2.4 kwa aloi ile ile.

Daktari_Mifupa:
Naomba niongeze yanayoonekana kliniki. Kwenye picha ya eksirei, upungufu huu wa mfupa hujitokeza sana upande wa ndani, chini kidogo ya pale shingo ya mfupa ilipokatwa: ukingo uliokuwa mnene na mweupe huwa mwembamba, na kona yake kali huviringika. Mara nyingi mgonjwa haumwi. Taabu huja kiungo kinapohitaji kubadilishwa tena na mfupa wa kulishika shina jipya umebaki kidogo, au mgonjwa anapoanguka na paja likavunjika kandokando ya chuma. Ninawafikiria hasa vijana wenye seli mundu, ambao kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu, na ambao watakitegemea kiungo hicho kwa miongo mingi. Hata hivyo, nisingekubali kuuokoa mfupa kwa gharama ya shina kulegea, kwa sababu shina lililolegea huuma kila hatua.

Mwanafunzi_Mitambo:
Asanteni sana, wakuu. Je, titani iliyochapwa tabaka kwa tabaka kama kimia inaweza kuutatua mgongano huo?

Fundi_Mwandamizi:
Hapo ndipo matumaini yangu yalipo. Ukibakiza chuma asilimia 40 ya ujazo, kwa aina nyingi za kimia moduli hushuka karibu kwa mraba wa uwiano huo, hivyo 110 inakuwa takriban 18. Lakini faida kubwa ni kwamba unaweza kuubadilisha msongamano mahali hadi mahali, kama walivyofanya Damiano Pasini na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, badala ya kulifanya shina zima kuwa laini.

Kinachonitia hofu ni uchovu wa chuma, yaani kupasuka kidogo kidogo kwa mzigo unaojirudia. Nyonga hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili katika kutembea kwa kawaida, mara milioni moja hivi kwa mwaka, na kila chembe ya unga wa titani wa kuchapia iliyoyeyuka nusu na kuganda juu ya kijiti chembamba cha kimia ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kwa hiyo shingo iache iwe chuma kitupu, kimia kikae mbali na upande wa nje unaovutwa zaidi, na kila muundo uupitishe kwenye hesabu ya uchovu kabla hujaulinganisha na mfupa.