Taarabu na ngoma Unguja wakati wa masika: nimpeleke wapi mama?

MwalimuFuoni:

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu hamjambo. Nimehamishiwa Unguja kikazi, nafundisha shule ya msingi huku Fuoni, kwetu ni Tabora. Mama yangu mzazi anakuja wiki ya pili ya Aprili na atakaa mpaka mwezi uishe. Huyu mama ana miaka 68 na taarabu ameisikiliza redioni maisha yake yote. Tukiwa wadogo, kikifika kipindi chenyewe hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupiga kelele. Lakini kundi likipiga mbele ya macho yake hajawahi kuliona. Sitaki kumpeleka kwenye muziki wa hotelini wa kusindikiza chakula cha wageni. Nataka aione kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, asikie fidla zikilia kwa pamoja, aone na watu wanavyowatunza waimbaji kwa pesa.

Wenzangu kazini wananiambia nimechelewa, kwamba mambo yote yalikuwa Februari na sasa ni mvua tu mpaka tamasha la filamu. Ni kweli Aprili hakuna kitu? Na ngoma je? Maigizo? Mama anatembea vizuri, ila ngazi nyingi zinamchosha na kukesha hawezi.

Kijana_Kikwajuni:

Karibu Unguja dada. Wenzako wanazungumzia matamasha makubwa, na kwa hayo wako sahihi. Sauti za Busara hufanyika Februari tangu 2004, na mwaka huu ilibidi iishe kabla ya Ramadhani. ZIFF, hilo tamasha la filamu, ni la baadaye. Aprili ndiyo kilele cha masika. Jukwaa la Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya mjini, liko wazi juu, mvua ikishuka hakuna pa kujibanza, kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayepanga shughuli kubwa pale.

Mimi ningeanzia kwa DCMA, chuo cha muziki kilichoanzishwa 2002. Wanafunzi wake hujifunza kupiga udi, kanuni, fidla na ngoma za hapa, na mara kwa mara hupiga mbele ya watu. Ni vijana watupu lakini taarabu wanaiheshimu. Uliza ratiba yao ya mwezi huo.

MpigaFidla:

Marahaba mwanangu, na mama akija mpe salamu zangu. Nimepiga fidla kwenye taarabu tangu ujana wangu, na ninachotaka kukwambia ni kwamba mama hajachelewa. Anakuja wakati wenyewe khasa.

Tizama kalenda yetu. Sikukuu mwaka huu imeangukia Machi, basi wiki ya pili ya Aprili bado tumo ndani ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi mzima wa Ramadhani ala zimelala kabatini. Tukifungua, kila mtu aliyeahirisha harusi anaoa, na klabu zinarudi mazoezini na nyimbo ambazo watunzi walikuwa wanazipika kimyakimya. Wageni wa hoteli wamepungua kwa ajili ya mvua. Wanaobaki ni wenyewe, na mpigaji akijua waliokaa mbele yake wanayajua mashairi, hupiga vyengine. Nakwambia kwa sababu nimekaa kwenye kiti kile, mwili unajua.

Kwa hivyo usitafute tamasha. Tafuta mazoezi ya klabu. Unazo mbili kongwe mjini: Ikhwani Safaa, ambayo watu wengi wanaiita Malindi, imeanzishwa 1905, na Culture Musical Club, iliyotoka kwa vijana wa siasa mwaka 1958, pale Vuga. Mazoezi ni jioni, baada ya watu kutoka makazini na kusali. Nenda wewe mwenyewe kwanza, mchana, piga hodi, waambie nina mama yangu kutoka bara anapenda taarabu. Hutofukuzwa. Utaambiwa siku gani wanakutana, kwa sababu siku hubadilika kukiwa na harusi au msiba.

Mazoezini mama ataona kitu ambacho jukwaani hakionekani. Masika ni adui wa ala. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zinakwenda tatutatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Hewa ikijaa maji ngozi inalegea, nyuzi zote zinashuka, na zinashuka kwa viwango tofauti. Mpigaji wa kanuni atakaa na ufunguo wake anakaza uzi mmoja mmoja, anasikiliza, anarudi nyuma, huku sisi wenye fidla tukimsubiri kwa sababu sauti tunaichukua kwake. Dumbak, ngoma yetu ndogo, na rika, tari yetu, nazo huota moto kidogo ngozi zikaze. Fidla ya zamani gundi inaweza kuachia usiku mmoja wa mvua. Mwambie mama asichoke na kusubiri huko. Akisikiliza vizuri atazisikia sauti zinavyokaribiana mpaka zinakutana, halafu bashrafu inaanza, ala tupu bila ya mwimbaji, na hapo ndipo atajua redio ilikuwa inamnyima nini. Redio ya zamani haikuweza kubeba besi wala nai, ile filimbi yetu. Ilikuwa inampa mwimbaji na ukungu nyuma yake.

Kama anamjua Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, na mtu wa umri wake bila shaka anamjua, mpitishe siku moja Fumba, ndiko alikozaliwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri, kwa Kiswahili, mtoto wa maskini aliyekuwa akiuza vyungu. Kabla yake taarabu ya ikulu ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Mimi kila nikipita njia ile namwombea.

MwalimuFuoni:

Mzee wangu, nimesoma jibu lako nikampigia mama simu hapo hapo nikamsomea. Amefurahi sana, ameniambia ataleta na kitenge chake kipya.

Nina maswali mawili. La kwanza, kutunza. Tunatoa shilingi ngapi, na tunaiweka wapi? Sitaki mama aaibike mbele ya watu. La pili, harusi. Hatumjui mtu mwenye harusi. Kwenda bila kualikwa si tabia yetu.

Bi_Makunduchi:

Mdogo wangu, hapo kwenye kutunza niachie mimi. Kiasi hakiulizwi. Noti ya elfu moja inatosha kabisa, muhimu ni wakati. Mtu hainuki kwa sababu wimbo ni mzuri tu. Anasubiri ubeti unaomgusa yeye, wenye jambo lake, ndipo anainuka polepole, anakwenda kwa mwendo wa muziki, noti iko juu mkononi watu waione, anampa mwimbaji na kurudi. Kwa hivyo mwambie mama asikilize maneno kwanza. Na ajue kwamba akiinuka kwenye ubeti wa wivu, waliokaa nyuma wataanza kujiuliza anamkusudia nani! Mazoezini hakuna kutunza, ila ukipeleka soda au chai ya kuwatosha wapigaji umefanya jambo la maana.

Harusi wewe umo tayari, hujui tu. Unasomesha. Mwezi huu lazima mmoja wa walimu wenzako au mzazi wa mwanafunzi ana shughuli. Mwambie mama yako yupo, watakualika wenyewe kwa furaha. Huko omba siku ya kidumbak. Vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, sanduku la uzi mmoja linalonguruma, fidla, mkwasa wa vijiti vya kugonga na cherewa za kutikisa, basi. Hakuna viti vya safu kama taarabu ya klabu. Wanawake wanacheza mpaka jasho, na nyimbo zinaunganishwa moja ndani ya nyengine bila kupumua. Mimi naipenda kuliko taarabu, na Mzee MpigaFidla anisamehe. Sharti moja kubwa: simu mkobani. Wanawake wamejifungua mabuibui, wako kwa raha zao, picha ikitoka nje mtakuwa mmewavunjia heshima.

Maigizo ya ukumbini usiyatarajie sana masika. Lakini mkipata nafasi ya kuvuka kwenda Pemba, ulizeni kibati. Ni majibizano ya papo kwa papo na ngoma nyuma, mmoja anarusha, mwengine anajibu, watu wanaitikia. Kwangu mimi hiyo ndiyo tamthilia yetu.

MpigaFidla:

Bi Makunduchi nimekusamehe, kidumbak nimepiga sana na vidole vyangu vinakumbuka.

Mwanangu, la mwisho. Ukifika Vuga uliza kwanza wanapigia chini au juu, kwa ajili ya ngazi. Mkae upande wa kanuni, msikae nyuma ya fidla, maana huko mtasikia sisi tu. Wahini mapema kabla hawajaanza kukaza nyuzi, na mkiondoka saa tatu na nusu hakuna atakayekasirika, subirini tu wimbo umalizike. Nenda Jumatatu ukaulize siku, halafu rudi hapa utwambie umejibiwa nini.

MwalimuFuoni:

Jumatatu natoka kazini saa saba, nitapitiliza Vuga moja kwa moja. Asanteni sana, Mzee na Bi mkubwa. Na Kijana, namba ya ofisi ya chuo nimeshaipata, nitawapigia leo.